Kinyonga Yule Hukumuua Wewe

Hadija mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: asubuhi umekula kiazi kimoja ukaacha viwili, na tangu juzi husemi mpaka usemeshwe. Yangu ndiyo hii nataka kukueleza. Wewe na mama yako mmekwenda Mchikichini kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua wale hawatawaachia mpaka magharibi ikaribie. Kwa hiyo nina kama saa mbili za kuwa mwanamume.

Sitakuandikia habari za sanduku, wala za kutokula vyakula vya stesheni, wala za kujifunika baridi ya huko bara. Hayo mama yako ameyasema tangu siku ile karatasi ya chuo ilipofika, na nina hakika atayasema tena kesho treni ikiwa imeshaanza kutembea. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka minane. Ningekuwa baba wa maana ungelijua ukiwa na miaka kumi, siku ile ile lilipotokea.

Jambo lenyewe ni hili. Yule kinyonga hukumuua wewe. Alikuwa anakufa nilipomleta, na mimi nilijua.

Nimeliandika mapema kwa sababu najijua. Ningelisogeza mbele kidogo, kisha kidogo tena, mpaka karatasi ingeisha nikakuandikia "wasalimie wote". Sasa limeshaandikwa kwa wino, siwezi kulimeza. Yaliyobaki ni kukueleza ilivyokuwa, na nitakueleza kama ilivyokuwa, hata pale panaponichoma.

Nianze na juzi. Ulinikuta hapa barazani nasugua viatu, ukakaa kwenye jamvi, ukaninyooshea ile karatasi. Imeandikwa kwamba kila mwanafunzi mpya wa mifugo, muhula wa kwanza, atachagua mnyama mmoja mdogo, amfuge mwenyewe, na aandike habari zake kila siku. Ulikuwa umepiga mstari chini ya neno "mwenyewe". Ukaniuliza, "Baba, mnyama gani hafi upesi?"

Nikacheka. Nikasema, "Kila mnyama anakufa, mama. Na sisi pia."

"Nauliza wa kufugwa na mtu mwenye mkono kama wangu."

Kisha ukasema hutaki hata kujaribu. Ukifika tu utamwendea mkuu wa chuo umwombe akutoe kwenye mifugo, akutafutie nafasi ya ukarani, upige taipu. "Serikali imekosea kunipanga huko, Baba. Haijui habari zangu." Ukainuka, ukaenda uani kumsaidia mama yako kuchambua mchele. Mimi nilibaki na kiatu kimoja mkononi, nikakisugua mpaka rangi ikaanza kutoka.

Serikali haikukosea, Hadija. Ilisikia kwa walimu wako jinsi ulivyo hodari wa sayansi, ikakupanga panapokufaa. Habari zako unazodhani haizijui nilizitunga mimi, hapa hapa barazani, kwa kinywa changu, mbele ya watu.

Unakumbuka kazi yangu ya wakati ule. Nilikuwa kwenye ghala la wanyama, kule bondeni upande wa Jangwani, kwa yule bwana aliyekuwa akisafirisha mijusi, vyura na ndege kwenda Ulaya. Wewe ulidhani baba yako ni mtaalamu. Na ungedhani vipi vinginevyo, wakati kila jioni nilirudi na hadithi? Nilikwambia leo nimemtibu kenge, leo nimemfundisha kazi msimamizi. Ukweli ni kwamba nilikuwa mfagiaji. Nilifagia, nikabeba maji, nikafunga maboksi. Baada ya mwaka wakaniongezea kazi moja ya kutumia akili, nayo ilikuwa kuchambua vinyonga. Hiyo moja niliijua kweli kweli.

Vinyonga waliletwa wakiwa ndani ya vikapu kutoka milimani, wengine kutoka huku huku pwani. Kila asubuhi nilimtoa mmoja mmoja nikampandisha kwenye kijiti, halafu nikakizungusha kijiti polepole. Mzima hukishika, hugeuka nacho, jicho moja likinitazama mimi na jingine likitafuta njia ya kutokea. Mgonjwa huteleza. Nikimwona amefumba macho mchana kweupe, au macho yametumbukia ndani, au mifupa ya nyonga imejitokeza, sikuhitaji hata kijiti. Huyo nilimtia kwenye kikapu kilichokaa nyuma ya mlango, tulichokiita kikapu cha hasara. Jioni nilikwenda kukimwaga bondeni. Hakuna aliyeniuliza habari za kikapu kile, maana Ndugu Msimamizi alikuwa na hotuba moja tu, kwamba kinyonga mzima ni fedha za kigeni na sisi tunajenga nchi.

Basi siku moja, ulikuwa darasa la tatu, ulikuja mbio kutoka nje ukaniambia unataka kufuga mjusi. Ukanivuta mkono mpaka kwenye ule mti wa mkungu ulio mbele ya nyumba, ukanionyesha kamjusi kamoja kamejibandika kwenye gome, kichwa cha njano, mwili wa kijivu, urefu wake haufiki kidole changu cha kati. "Huyu, Baba. Niwekee kwenye boksi. Nitampa nzi."

Ulikuwa umechagua vizuri, mwanangu. Ukiwa na miaka kumi, hakuna aliyekufundisha, ulichagua mjusi ambaye mtu anayejua kazi angemchagulia mtoto anayeanza kufuga. Mimi nikakucheka. Nikasema, "Hawa wa bure? Hawa wa kila ukuta? Mtoto wa mtaalamu hafugi takataka. Ngoja, nitakuletea mnyama."

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu, kabla hata ya kinyonga kuingia nyumbani. Niliona haya kwamba binti yangu anataka kitu ambacho mtoto yeyote wa Kariakoo angejiokotea. Nilitaka majirani waseme, huyo ni mtoto wa fulani. Sikukutafutia mjusi wewe. Nilijitafutia sifa mimi.

Halafu sikuwa na ujasiri wa kuitafuta kwa njia ya halali. Ningeweza kumwomba Ndugu Msimamizi kinyonga mmoja mzima, hata wa huku pwani, mdogo. Nilimwendea mara mbili nikaishia kumuuliza kama ana kiberiti. Wiki ilipita, wewe ukawa unaniuliza kila nikirudi, "Baba, leo?" Siku ya siku nikaingiza mkono kwenye kikapu cha hasara. Alikuwemo dume mmoja wa milima ya Usambara, mwenye pembe mbili puani, rangi bado nzuri ukimtazama upande mmoja. Asubuhi ile ile nilikuwa nimempima mimi mwenyewe. Aliteleza kwenye kijiti mara tatu. Nikamfunga kwenye leso, nikamleta.

Sikiliza nilivyojua mengi siku hiyo. Nilijua ni mgonjwa. Nilijua wale wa milimani wanataka ubaridi na umande, na chumba chetu chini ya bati saa nane mchana hata sisi kilikuwa kinatufukuza. Nilijua pia kwamba kinyonga, hata akiwa mzima, si mnyama wa mtu anayeanza. Watu waliofuga wanyama maisha yao yote wanashindwa naye, kwa sababu huficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani, na bado niliingia kwa mlango wa mbele nikipiga kelele, "Hadija! Njoo uone!"

Unakumbuka nyumba nzima ilivyokimbia? Mama yako alisimama juu ya kitanda. Bi Mboni, mwenye nyumba wetu, alijifunika kanga mpaka puani akasema, "Baba Hadija, shetani gani huyo unatuletea na pembe zake?" Wapangaji wakajaa mlangoni, hakuna aliyethubutu kuvuka kizingiti. Wewe peke yako ulinyoosha mkono. Akapanda, au tuseme nilimsukuma akapanda, akatulia kwenye kiganja chako akafumba macho.

"Baba, amelala! Kanizoea."

Nikasema, "Ndiyo, mama. Kakuzoea. Wewe una mkono."

Neno hilo sikulisema ovyo, na ndiyo maana nalionea aibu zaidi. Nyumba nzima ilikuwa inalijua. Bi Mboni alikuwa na kuku wake pale uani, na kwa desturi ya kwao kuku akitaka kuatamia, mayai hayapangwi na mtu yeyote tu. Hupangwa na mwenye mkono mzuri, ili yasije yakawa viza. Tangu ukiwa na miaka sita aliyeitwa alikuwa wewe. Ulinawa mikono kwa sabuni, hata wakati ule sabuni tulipoipangia foleni tangu alfajiri, ukachuchumaa ukayapanga moja moja, na Bi Mboni akisimama nyuma yako akisoma dua zake. Vifaranga vilianguliwa kila mara. Majirani wa nyumba ya pili na ya tatu walikuja kukuazima. Mama yako alijifanya kukasirika, "Mtoto wangu si mganga," lakini nilimwona akicheka.

Yule kinyonga ulimweka kwenye kasha la sabuni, ukalifunika kwa wavu wa dirisha. Ulimletea nzi, ukamletea panzi kutoka uwanjani, ukamnyunyizia maji kwenye majani kama nilivyokwambia. Hakula. Kila jioni uliniuliza, nami kila jioni nilikuwa na jibu. Siku ya kwanza nilisema amechoka na safari. Siku ya pili nikasema anazoea nyumba. Siku ya tatu nilisema hawa wa milimani ndivyo walivyo, wanadeka. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa tumetoka msikitini, tumekaa barazani na kahawa, mimi na wapangaji wenzangu wawili, Bi Mboni kwenye kigoda chake. Nilikuwa nikiwasimulia habari za kinyonga wa mwanangu. Ukatoka ndani umembeba kwa mikono miwili. Alikuwa ameshakuwa mweusi, mkia umelegea.

Hukulia. Ulisimama mbele yangu ukauliza, "Baba, nimefanya nini?"

Sentensi moja tu ingetosha. "Hujafanya kitu, mama, alikuwa mgonjwa." Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini wale watu walikuwa wamenitazama, na nikaona kwamba nikisema hivyo atakayefuata kuulizwa ni mimi. Wangesema, mgonjwa, na wewe mtaalamu hukumwona? Au ulimwona ukamleta? Nikaweka kikombe chini. Nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Umemshikashika mno. Si nilikwambia usimshikeshike?"

Sikukwambia. Hata mara moja sikukwambia hivyo. Tena ulikuwa umemgusa kidogo kuliko mtoto mwingine yeyote ambaye angepewa kinyonga, kwa sababu ulimwonea huruma usingizi wake.

Ulitazama mikono yako. Bi Mboni naye akaitazama. Mmoja wa wale wapangaji akasema, "Basi, mtoto, nenda kamzike," na mazungumzo yakarudi kwenye mpira. Nilimalizia kahawa yangu. Nakwambia hilo la kahawa kwa sababu ndilo ninaloliona nikifumba macho, kwamba niliinywa mpaka mwisho.

Mwezi ule ule kuku mmoja mwekundu wa Bi Mboni akaanza kuatamia. Ulisikia akilia, ukanawa mikono, ukaenda kusimama kando ya banda kama desturi. Mimi nilikuwa naoga kule uani, naona kwa juu ya ukuta wa makuti. Bi Mboni akatoka na mayai kwenye ungo, akakukuta. Hakukufokea. Alisema kwa upole kabisa, "Leo pumzika, mjukuu wangu," akamwita binti wa nyumba ya jirani. Ukabaki umesimama, mikono inadondosha maji. Halafu ukaifutia kwenye gauni ukaingia ndani.

 Nilijimwagia maji makopo mengi kuliko niliyohitaji ili nisitoke mapema tukakutana.

Ningeweza kujidanganya kwamba mambo ya watoto huisha. Kwa muda nilijidanganya. Mwaka uliofuata Saida alizaliwa. Mama yako akakuita, "Njoo umpakate mdogo wako." Ulikuja na kanga umeifunga mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, ukampokea hivyo, na hukumgusa ngozi mpaka arobaini ilipoisha. Mama yako alidhani unaona kinyaa. Alikugombeza sana, akakuita mtoto mwenye roho ngumu. Ulivumilia, hukumwambia kwa nini. Mimi nilikuwa mlangoni, nikielewa kila kitu. Ulikuwa unamlinda mtoto kutokana na mikono yako. Ulikuwa na miaka kumi na moja.

Hadija, mimi nimefanya makosa mengi, na mengine mama yako atakusimulia kwa furaha ukimpa nafasi. Nimewahi kupoteza kazi kwa ubishi. Nimewahi kuwagombeza ndugu zangu kwa jambo ambalo mwenye makosa nilikuwa mimi. Lakini hayo niliyafanya kwa watu wazima, na watu wazima wana midomo ya kunijibu. Hili nililifanya kwa mtoto aliyeniamini kuliko macho yake. Naona aibu kiasi kwamba wakati mwingine ukiniamkia "shikamoo" asubuhi, naitikia "marahaba" nikitazama pembeni. Labda ulidhani ni ukali. Haukuwa ukali.

Sasa nikujibu lile swali lako la juzi. Nilifanya kazi ile miaka sita, na haifai elimu hiyo niende nayo kaburini eti kwa sababu naona haya kuitumia.

Kama chuo kitakubali, mfuge yule yule uliyemtaka mwanzo, kamjusi ka kwenye miti ka kichwa cha njano. Hata huko bara wapo, niliwahi kupokea walioletwa kutoka huko. Ni mjusi wa mchana, kwa hiyo anapokula utamwona, na asipokula utamwona pia. Hahitaji chumba. Kasha la kusimama linamtosha, lenye wavu wenye matundu madogo sana, maana hupenya mahali ambapo hata kidole hakipiti. Msimamishie vijiti na kipande cha gome chenye nyufa za kujificha. Dume huwa na koo jeusi, na madume wawili usiwaweke pamoja, watatoana roho. Mpe mchwa, mbu, vidudu vidogo kuliko kichwa chake. Maji usimwekee kwenye bakuli, nyunyizia majani asubuhi, atayaramba matone. Apate jua la asubuhi na mahali pa kulikimbia. Na kwa sehemu kubwa ni wa kutazamwa. Ukimkamata kwa mkia atakuachia mkia mkononi aondoke zake.

Kumchagua sasa, hapo ndipo penye kazi. Watu wengi wanaoanza humpenda aliyetulia, anayekubali kushikwa, wakasema huyu mpole. Mjusi mzima hana upole wa namna hiyo. Mchague anayekukimbia. Tazama macho, yawe wazi na yamejaa. Tazama mkia pale unapoanzia, uwe mnene, kwa sababu pale ndipo anapoweka akiba yake. Tazama vidole vyake vinavyong'ang'ania gome. Mwone kwanza akila kwa macho yako, ndipo umchukue. Na usimpokee kwa mtu anayemsifia kabla hujamtazama mwenyewe, hata mtu huyo akiwa baba yako.

Akifa, kwa sababu anaweza kufa, mtazame vizuri, uandike ulichoona. Mnyama akifa mikononi mwa mtu si lazima awe ameuawa na mikono hiyo. Ningependa ulijue hili kutoka kwangu, mimi niliyekufundisha kinyume chake.

Leo alasiri, mlipotoka tu, nilimfuata Bi Mboni. Sikutaka kuanza naye, nilitaka kujizoeza. Nilimkuta anakaanga karanga, nikakaa, nikamwambia yote, kikapu cha hasara, leso, Ijumaa ile. Hakuniangalia mpaka nilipomaliza. Kisha akaepua chungu.

"Miaka minane, Baba Hadija?"

"Miaka minane, Bi Mboni."

"Miaka minane nimemnyima mtoto wa watu mayai, nikimpita kama mwenye ukoma, na wewe unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

Alizimwaga karanga kwenye ungo. Halafu akasema, "Na yeye umemwambia?"

Nikamwambia bado, ila nimepanga kumwandikia. Akaniuliza ataisoma lini. Nikamweleza nilivyokusudia, kwamba nitaichomeka katikati ya nguo zako usiku ukiwa umelala, uikute huko huko chuoni. Nilidhani ni mpango mzuri. Nilikuwa nimeufikiria siku mbili.

Bi Mboni akasonya. "Ukamdhalilisha hapa barazani macho kwa macho, ukamwombe radhi kwa treni?"

Nilitoka pale nikiwa nimekasirika, nikwambie ukweli. Nilijisemea huyu mama naye ana yake ya kujibu. Nikaja kukaa hapa, nikaanza kuandika, na kurasa za mwanzo nilikuwa bado na mpango wa sanduku. Nimeuacha nilipofika kwenye ile kahawa. Ningekutumia barua hii mbali ili nisione uso wako unapoisoma. Uso wako nimeukwepa miaka minane, na kuukwepa ni sehemu ya kosa lenyewe.

Kwa hiyo ukifika nitakupa mkononi. Utaketi hapa nilipo mimi, kuna mwanga bado. Nitakaa mbele yako na sitasema neno mpaka umalize. Mama yako naye hajui, na nikishamaliza na wewe nitamwambia, hasa habari za ile kanga, maana alikugombeza bure kwa ajili yangu. Bi Mboni amesema atakuja mwenyewe, lake utalisikia kwake.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunisema, niseme hapa hapa, na wapangaji wasikie. Ukitaka kesho mama yako akusindikize stesheni peke yake, nitakubebea sanduku mpaka mlangoni nirudi. Ukiona ukarani bado ndio unaoutaka, nenda kapige taipu, hiyo ni kazi ya heshima. Ninachokuomba ni kimoja: usiombe kubadilishwa kwa sababu ya mikono yako. Mikono yako haina kosa lolote.

Nawasikia mko kona ya mtaa, mama yako anacheka na muuza kahawa. Nimeinuka mara moja kwenda kuificha karatasi hii, nimerudi nikakaa. Mmeshafika barazani.

Chukua.

Baba yako